Kadi Ambayo Haikuchomwa

Kitale,
Jumapili, 9 Julai 2006

Kwa kaka yangu mpendwa Kiarie,

Nakusalimu kwa upendo, na kabla ya neno lingine lolote nauliza hali ya mkono wako. Mama anasema mfupa uliovunjika Novemba hauwezi kuuma Julai, lakini nadhani husema hivyo ili apate usingizi. Je, unaweza kuinua gunia sasa, au mjomba bado anakuacha mlangoni mwa stoo? Na ile harufu ya kiwanda cha karatasi hapo Webuye, umeizoea? Sisi huku tu wazima wa mwili. Mahindi yameanza kutoa mbelewele, ng'ombe mwekundu amezaa dume, nami niko nyumbani kwa likizo fupi ya katikati ya muhula. Leo mtaa uko kimya kwa sababu vijana wote wameteremka mjini mapema kutafuta nafasi ya kutazama fainali ya Kombe la Dunia. Najua ungekuwa wa kwanza kufika, na ungerudi bila sauti.

Barua yako niliipata shuleni Jumatatu. Nimeisoma mara nyingi hadi karatasi imelegea kwenye mikunjo. Umesema Jumanne, tarehe kumi na nane, kesi itakaposikizwa Bungoma, utakubali kosa ili yaishe. Umesema umechoka kurudia kwamba usukani ulikataa, na kila mtu anakutazama kama mlevi anayesingizia barabara. Kisha ukaandika, kwa jina lako la kunitania, "Profesa, labda nilisinzia kweli. Watu wote hawa hawawezi kukosea." Mstari huo ndio uliofanya niandike barua hii. Tafadhali, isome mpaka mwisho kabla ya kuamua lolote, hata ukifika mahali utakapotaka kuichana.

Kuna jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote, si mama, si wewe, wala Mungu kwa sauti. Siku ile gari letu lilipoombewa, niliiba kitu kilichokuwa kikipelekwa motoni.

Unaikumbuka siku hiyo, Januari mwaka jana. Pikapu ilikuwa imefika kutoka Mombasa jana yake, nyeupe, na matope ya njiani bado yalikuwa yameganda chini ya milango. Baba alivaa koti lake la uzee wa kanisa. Mchungaji Gathogo alilizunguka gari mara tatu, akasimama, akasema hawezi kulipaka mafuta gari ambalo bado limebeba mambo ya wenyewe. Alisema hatujui waliokuwa wakiliendesha waliabudu nini, na kwamba maandishi tusiyoweza kuyasoma hatuwezi kuyaacha yaketi nasi. Wewe ulinong'ona kwamba ati labda ni bei ya mafuta tu imeandikwa, Baba akakutazama, ukaanza kukohoa. Hatukuwa sisi wa kwanza. Gari la Mwalimu Kagwe lilifanyiwa vivyo hivyo, na la shemeji yake pia.

Basi kila kilichokuwa cha Kijapani kilitolewa. Kitabu cha gari, karatasi zote za kisanduku cha dashibodi, na kile kifuko chekundu cha kitambaa kilichoning'inia kwenye kioo, ambacho mchungaji alikiita hirizi. Stika za vioo na za mlango niliachiwa mimi. Mama alinipa wembe wa zamani na maji ya sabuni, nikakwangua mpaka vidole vikafa ganzi. Vyote vilipelekwa nyuma ya zizi vikachomwa huku tukiimba, kisha gari likapakwa mafuta kwenye boneti na kwenye usukani.

Nilipokuwa nikibeba karatasi kwenda motoni niliona kadi moja ngumu, ukubwa wa nusu ya daftari. Herufi zake zilikuwa kama nyumba ndogondogo zilizojengwa kwa mistari iliyonyooka, na juu kulikuwa na mstari mmoja mwekundu. Unanijua. Sikuweza kuchoma kitu kilichoandikwa kabla hakijasomwa na mtu. Niliisukuma ndani ya sweta, nikarudi kuimba pamoja nanyi. Usiku niliiweka ndani ya kamusi yangu, ikawa alama ya ukurasa. Kila nilipoifungua kamusi niliona aibu, kwa kuwa Baba aliposali alishukuru kwamba hakuna kilichobaki.

Kisha kukawa na ziara ya chama chetu cha kilimo kwenda Mabanga, kwenye kituo cha mafunzo ya wakulima. Nilikuandikia juu yake wakati ule, lakini nilikueleza habari za mboji tu. Pale palikuwa na mwalimu wa kujitolea kutoka Japani, msichana mfupi mwenye kofia ya majani, aliyefundisha kukausha mboga. Watu walimwita Nekesa kwa sababu alifika wakati wa mavuno, na aliitika jina hilo kama la kuzaliwa. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, kila neno likiwekwa chini kwa uangalifu kama yai. Somo lote sikusikia chochote. Nilikuwa nikijiambia nitasimama sasa, nitasimama sasa. Wenzangu walipokwenda kupanga foleni ya chai, nilibaki, nikamnyoshea ile kadi bila hata kumsalimu.

Aliisoma akitabasamu, kisha akaacha kutabasamu. Aliisoma tena. Aliniuliza kadi hii imetoka wapi, nikamwambia imetoka kwenye gari la baba yangu. Aliniuliza swali jingine pia, ambalo nitakuambia baadaye. Kisha akachukua penseli, akageuza kadi, akaniandikia maana yake nyuma kwa Kiswahili, akiuliza maneno fulani kwa kuonyesha kwa mikono.

Kiarie, ile haikuwa dua wala uchawi. Ilikuwa barua ya watengenezaji wa gari kwa mtu aliyekuwa nalo huko Japani, na juu yake, kwenye ule mstari mwekundu, paliandikwa kwamba ni ukumbusho wa tatu. Ilisema katika magari ya aina hiyo yaliyoundwa miaka hiyo, chuma kinachounganisha usukani na magurudumu ya mbele kinaweza kupata ufa, hasa gari likibeba mizigo mizito na usukani ukikatwa huku gari limesimama. Ufa ukikua, chuma hukatika ghafla, na usukani huzunguka bure. Mwenye gari aliombwa alipeleke mara moja likabadilishwe chuma hicho bila malipo. Mafundi wetu hukiita tairodi.

Soma tena maneno hayo: usukani huzunguka bure. Ni maneno yako. Uliyasema hospitalini ukiwa hujafumbua macho vizuri. Uliyasema kwa polisi, na Baba akageukia ukutani. Hukusinzia. Hukuwa umekunywa. Barabara ya kuteremka mtoni kabla ya Chwele umeipita zaidi ya mara mia moja, na siku ile mikono yako ilifanya yote ambayo mikono inaweza kufanya.

Nilimuuliza Nekesa kwa nini sisi hatukuambiwa. Alichukua trei ya kukaushia mboga akapanga vipande vya karoti kama magari. Alisema kwao kila gari limeandikwa kwenye orodha pamoja na jina na nyumba ya mwenyewe. Kosa likigunduliwa, kampuni hulazimika kuiarifu serikali, na barua hutumwa nyumbani, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Gari likishatengenezwa hubandikwa stika ndogo kwenye nguzo ya mlango wa dereva ili kila mtu ajue. Lakini gari likiuzwa mnadani kwenda nje, jina lake hukatwa kwenye orodha hiyo. Alichukua kipande kimoja cha karoti akakiweka nje ya trei, kwenye meza, akasema, "Hapa, hakuna anayejua anwani yake." Aliomba msamaha, kana kwamba ni yeye aliyetuuzia. Aliniambia pia kwamba kile kifuko chekundu kilikuwa ombi la safari njema kutoka hekalu la kwao. Sikumwambia tulikifanya nini.

Likizo iliyofuata nilikwenda kwa yule mwenye kompyuta karibu na posta, nikamwomba anionyeshe jinsi ya kutafuta. Nilipata habari chache kabla muda wangu haujaisha. Huko Japani magari hayo yaliitwa kiwandani zamani, maelfu kwa maelfu. Huko Marekani kampuni ileile ilisema kwanza kwamba wateja wa kule hawajalalamika, kwa hiyo hakuna haja, na baadaye sana ndipo ikayaita ya kule pia, baada ya watu kuumia. Katika nchi kadhaa za Ulaya barua zilitumwa majumbani. Niliandika jina la Kenya mara mbili, nikidhani nimekosea herufi. Hapakuwa na mstari hata mmoja.

Nilijikaza pia nikapiga simu kwa wakala wanaouza magari mapya ya kampuni hiyo. Mara mbili nilikata kabla hawajaitika. Mara ya tatu mwanamume mmoja aliniuliza gari lilinunuliwa kwao au la. Nilipomwambia ni la kutoka Japani likiwa limetumika, alicheka kwa upole, akasema, "Msichana, hizo za mtumba mimi sizijui. Mimi najua watoto niliowazaa mwenyewe." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akieleza kazi yake.

Nimewaza sana juu ya hayo nikiwa prepu, vitabu vikiwa wazi mbele yangu. Chuma ni kilekile. Kilitoka tanuru moja, kikapata ufa uleule. Lakini mtu wa Japani huandikiwa mara tatu, wa Marekani huandikiwa akishaumia, na sisi tuliandikiwa mara moja tu, kwa bahati, kwa lugha tusiyoijua, na tukawasha moto. Sisemi hivi ili kumhukumu Baba wala mchungaji. Wao waliogopa maandishi wasiyoyajua, wakafanya walichoona ni chema. Mimi niliyajua.

Sasa nimefika mahali nilipokuambia. Najua umekuwa ukijiuliza ziara ya Mabanga ilikuwa lini hasa, kwa sababu wewe si mjinga, ijapokuwa hupenda kusema hivyo. Swali la pili ambalo Nekesa aliniuliza lilikuwa hili: gari bado linaendeshwa? Nilimjibu ndiyo. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 18 Juni 2005. Aliandika tarehe hiyo kwa penseli chini ya maneno yake. Ajali yako ilikuwa Novemba.

Nilijua kwa miezi mitano, Kiarie.

Nitakueleza jinsi nilivyoweza, ingawa nikijieleza mwenyewe haitoshi. Likizo ya Agosti nilipiga magoti kando ya mlango wa dereva kutafuta ile stika ya kuonyesha kwamba gari limeshatengenezwa. Niliona alama za wembe tu. Nilikuwa nimekwangua stika mbili mahali pale, moja ya mraba na nyingine ya mviringo, na sikuweza kukumbuka kulikuwa na nini juu yake. Nilijiambia moja ilikuwa ndiyo hiyo. Nilijiambia mtu aliyeandikiwa mara tatu hawezi kuwa hakwenda. Kila siku nilijiambia, na kila siku iliaminika kidogo zaidi.

Jioni moja nilimuuliza Baba kama si vizuri tairodi za pikapu zitazamwe na fundi. Hakukasirika. Aliweka kikombe chini akasema, "Lilikaguliwa Japani, likakaguliwa Mombasa, likaombewa Kitale. Unataka likaguliwe na nani tena, mwanangu?" Wewe ulikuwepo. Ulisema labda Profesa anataka kufungua gereji, mama akacheka, nami nikacheka pia. Kadi ilikuwa chumbani, hatua kumi na mbili kutoka mezani. Ningeileta, ingebidi niseme niliitoa wapi, na kwamba niliimba wimbo wa shukrani nikiwa nimeificha kifuani. Niliogopa uso wa Baba kuliko nilivyoogopa chuma. Huo ndio ukweli, na sina mzuri zaidi ya huo.

Na asubuhi ile ya Jumatatu, siku ya soko la Chwele. Mama Nakhungu wa Chwele, mteja wetu, alikuwa amelala kwetu ili achague kabichi mwenyewe, kama kawaida yake, kwa kuwa alisema ukimwachia mwanamume kuchagua utaletewa majani. Alikaa mbele karibu nawe, kikapu mapajani. Akaniita dirishani kwa matamshi yake yale, "Wachela! Soma sana, mama. Usiwe kama huyu ndugu yako anayesoma vibao vya balabalani tu." Ukamjibu kwamba hata hivyo vibao ni wewe unayemsomea. Mlikuwa mkicheka wote wawili. Pikapu ilikuwa imejaa hadi springi zimelala. Ili utoke ilibidi ukate usukani wote hali gari limesimama, na nikasikia magurudumu ya mbele yakilia juu ya changarawe, yakisagika polepole. Ilikuwa kama kusomewa kadi kwa sauti. Kamusi ilikuwa kwapani mwangu.

Nikafungua geti. Ukapiga honi mara mbili, mkaenda.

Baada ya hapo nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimenyamaza. Kila wiki iliyopita ilifanya iliyofuata kuwa ngumu zaidi. Watu walipomzika Mama Nakhungu wakasema dereva alikuwa amelewa, nilinyamaza. Baba alipokuambia usikanyage kanisani mpaka ukiri, nilinyamaza. Ulipofungasha nguo zako kwenda kwa mjomba, nilikubebea mfuko hadi barabarani, ukaniambia angalau mimi sikuulizi chochote. Nilinyamaza hata hapo.

Barua yako ya Jumatatu ilipofika niliwaza njia ya kukuokoa bila kujionyesha. Ningeweza kusema kadi nimeipata juzi chini ya kiti, nikasomewa majuzi. Kitu pekee cha kunisaliti kilikuwa tarehe ile ya penseli, na penseli hufutika. Alhamisi jioni, nilipofika nyumbani, nilikaa kitandani na ufutio mkononi. Nilifuta mwanzo wa nambari moja. Halafu nikafikiri juu yako, ulivyofika mahali pa kutoiamini mikono yako mwenyewe kwa sababu watu wote walisema jambo moja. Niliona kwamba nikiifuta, nami nitafika mahali hapo siku moja, nitaamini kweli kwamba niliipata juzi. Niliweka ufutio chini.

Haya ndiyo niliyofanya baadaye.

Ijumaa, Baba alipotoka kukamua, nilimpa kadi mbele ya mama nikamweleza yote, tangu sweta hadi geti. Mama alikaa chini pale pale kwenye ngazi. Baba aliishika kadi kichwa chini miguu juu, akaigeuza, akasoma maandishi ya penseli akifuata kwa kidole. Alipofika kwenye tarehe aliinua macho akanitazama, kisha akatazama mahali ambapo gari lilikuwa likiegeshwa. Alirudi zizini, na ndoo ya maziwa ilibaki uani hadi paka akaikuta.

Jumamosi alfajiri alinigongea mlango akasema nivae sare ya shule. Tulimchukua Kimeli, fundi wa pale chini ya posta, tukaenda hadi kituo cha polisi kule ambako pikapu imewekwa tangu ajali. Nyasi zimeota ndani yake. Kimeli alitambaa chini na tochi, akakaa kwa muda mrefu, tukiona viatu vyake tu. Alipotoka alisema tairodi imekatika, hiyo haina mjadala. Lakini alisema chuma kilichokatika kwa ufa wa zamani huonyesha rangi mbili, nusu nyeusi ya kutu na nusu inayong'aa, na hiyo ndiyo ingekuwa ushahidi wa kumfunga mtu mdomo. "Sasa bana, miezi minane ya mvua," aliniambia, akipangusa mikono. "Yote imekuwa kutu. Zamani ningeapa. Leo siwezi kukuambia ilikatika kabla ya kugonga ama baada." Aliniuliza kama hakuna aliyeijua mapema. Baba alijibu kwa niaba yangu, akasema alikuwepo.

Kwa hiyo, kaka, si gari pekee nililolinyamazia. Ningesema wiki ile ya mazishi, chuma kingesema pamoja nami. Sasa limebaki neno langu na kadi. Siwezi kukuahidi kwamba yatatosha.

Afisa wa zamu aliandika maelezo yangu. Yalijaza kurasa tatu. Alinisomea, na niliposikia mahali paliposema nilijua tangu Juni, nilitaka kumwomba alainishe, lakini sikumwomba. Kwa kuwa sijafikisha miaka kumi na minane, Baba alitia sahihi chini ya yangu.

Kutoka hapo tulikwenda Chwele kwa Mzee Wakhungu, mume wa marehemu. Hilo hakuna aliyetutuma. Alitukaribisha vizuri, binti yake akaleta vikombe. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Aliniuliza jambo moja tu, kama asubuhi ile mke wake alipokuwa akipanda gari mimi nilikuwa nimeshajua. Nikasema ndiyo. Akamwambia binti yake kwa sauti ya chini arudishe vikombe. Tulipoinuka kuondoka alisema hatatusindikiza, lakini atakuja mahakamani Jumanne hiyo, kwa sababu anataka kusikia nikiyasema mbele ya watu kama nilivyoyasema kwake. Kisha akasema kijana wetu, yaani wewe, alikuja siku ya tatu ya matanga na mkono umefungwa, akasimama nje ya ua, wakamfukuza kwa mawe. Alisema hakuna aliyewatuma vijana kufanya hivyo, na hakuna aliyewazuia. Sikujua ulikwenda. Hukutuambia.

Leo asubuhi Baba hakuketi mbele na wazee. Alikaa nyuma kwenye benchi la wageni, na sahani ya sadaka ikapitishwa na mtu mwingine. Mchungaji Gathogo alikuja baada ya ibada, wakazungumza chini ya mabati kwa muda mrefu. Sikusikia, ila nilimwona mchungaji akivua miwani yake na kutoivaa tena.

Nimeweka nakala ya kadi ndani ya bahasha hii, pande zote mbili. Ile yenyewe nitaibeba mimi. Utaona nambari moja ya tarehe imefifia mwanzo wake; ni pale nilipokuambia, usidhani ni mashine. Cheptoo, mwenzangu wa shuleni anayekaa karibu na mjomba, atakukabidhi barua hii mkononi kesho. Mwalimu mkuu nitamwomba ruhusa ya tarehe kumi na nane nikirudi shuleni, na akikataa nitakuja hivyo hivyo. Usikubali kosa lisilo lako. Kama baada ya hapo hutaki kuniita Profesa tena, wala kuniita jina lolote, nitaelewa.

Mama anakusalimu, amekutumia sweta ya kijivu na unga kidogo. Msalimie mjomba na watoto wake. Baba, ambaye hajawahi kuja hata siku moja kesi ilipotajwa, alisimama mlangoni nilipokuwa nikiandika ukurasa wa mwisho, akaniambia niongeze hivi, nami naongeza kama alivyosema: "Mwambie Jumanne nitakuwepo. Mwambie nitatoka na basi la kwanza."

Mungu akulinde na mkono wako upone.

Ni mimi mdogo wako,
Wacera Mbugua